Wa Kitabuni Haumwi Mgongo

Mama mdogo akianza kunung'unika huanzia kwenye kiuno chake na kuishia kwenye ukoo wa mume wake, lakini mikono haisimami. Anamgeuza mkwe wake ubavu wa pili, anamtandikia shuka kavu, anampaka mafuta mgongoni pasichubuke. Bibi huyo amepooza. Mwanawe, mume wa mama mdogo, ni dereva wa malori na nyumbani hupita tu kama mgeni. Mimi nililetwa kusaidia nilipoacha shule, ila bibi ni mzito, peke yangu simuwezi.

Kwa hiyo mchana mama mdogo hukimbia kutoka karakana anakoshona sare, anamgeuza, anakimbia tena. Msimamizi ameshamwambia akichelewa mara nyingine cherehani yake anapewa mtu mwingine.

Jumapili akaja wifi yake, binti wa bibi, na riwaya mkononi. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma polepole, maneno marefu nikiyakata vipande. Mhusika mkuu alimuuguza mama mkwe wake. Aliacha kazi kwa hiari, hakukunja uso, hata usiku wa manane alitabasamu.

"Unamsikia, wifi?" akasema mgeni. "Mvumilivu, mnyenyekevu. Ndiye wewe huyo. Tumekaa na kaka zangu tukaona uache cherehani, utulie na mama. Moyo kama wako sisi hatukujaliwa."

Mama mdogo alikuwa mlangoni na beseni. Aliendelea kuikamua shuka ambayo haikuwa na maji tena. Kilemba cha ukoka hicho, hata mimi nilikiona.

Bibi ndiye aliyesema, mdomo ukienda upande.

"Huyo wa kitabuni haumwi mgongo?"

"Hawajaandika, bibi."

"Basi hajawahi kugeuza mtu. Tena anichekee usiku wote, nitalalaje? Huyu wangu anausema ukoo wangu mzima, lakini kidonda sina."

Wifi akacheka kidogo, macho kwenye kucha zake. Mama mdogo akaingia, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Wifi, kazi siachi. Mama nitamuuguza, simtupi. Ila mchana mtakuja nyinyi kwa zamu. Kesho anza wewe."

"Kesho nina shughuli."

"Na mimi ninayo."

"Umebadilika, wifi."

"Nimechoka tu. Kubadilika kunataka nguvu."

Kesho yake wifi alikuja, amechelewa, ananukia marashi. Tukamshika bibi. Wifi akamvuta mkono.

"Vuta shuka, mwanangu," bibi akasema. "Mkono nauhitaji bado."

Tulimgeuza kwa shida. Wifi akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akihema.

Mama mdogo aliporudi jioni aliuliza kama wifi alikuja.

"Alikuja. Kasema kesho atamtuma kaka yake."

"Atakuja kweli?"

"Sijui, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akajilaza mkekani na viatu vyake miguuni. Bibi akaniashiria nizime redio iliyokuwa ikiimba kando yake.