Mama Tisa Bila Vichwa: Mpiga Picha wa Baraka na Kioo Chake Cheusi

Mkono wangu hautetemeki. Ulizeni mji mzima wa Baraka: nikishika kitu cha mtu, nakirudisha kilivyokuwa. Naliweka hilo hapa juu kabisa kwa sababu makala haya yanahusu picha iliyoharibika, na ni vizuri msomaji ajue mapema nani asishukiwe.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, ufukweni Baraka. Mitumbwi imerudi na ndagala, pikipiki zinapiga honi, wanawake wanagombania mabeseni. Katikati ya vurugu hiyo, Claver Bucumi anakunja vidole.

Amechungulia kwenye tundu la kamera, na kipimo cha mwanga kimemwandikia sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Sasa anazidisha mara mbili, kidole kwa kidole. Moja ya kumi na tano. Moja ya nane. Robo. Nusu. Kidole cha tano kinapolala amefika sekunde nzima. Kidole cha kumi kinapolala, thelathini.

"Vidole kumi, kioo moya," anasema. "Mungu alijua ntakuya kufanya hii kazi."

Kioo chenyewe hakikutengenezewa kamera. Kilitoka kwenye kinyago cha Henri, mchomelea vyuma wa hapa mjini, kinyago kilipovunjika. Ni cheusi cha kijani, ukubwa wa kadi ya kura. Claver hukifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa tairi la baiskeli, na mwanga unapungua mara elfu. Hivyo kamera inabaki imefumbua jicho nusu dakika mchana kweupe.

Nusu dakika inafanya mambo. Anayetembea anafutika. Ziwa linalainika kama maziwa kwenye kikombe. Anayebaki ni yule aliyesimama bila kutikisika. Watu wa Baraka wanaiita "picha ya peke yangu": umesimama katikati ya soko, na soko halina mtu. Rangi ya kijani Claver huiondoa kwenye kompyuta ya sekretariati, kile kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, picha ikawa nyeusi na nyeupe. Anaiuza faranga elfu tano.

Kazi inaharibikia mahali pamoja. Ukishafunga kioo, huoni kitu.

"Iko giza, sawa kuchungulia ndani ya chungu," Claver anaeleza. "Kwa hiyo kila kitu unafanya mbele. Unapanga bantu, unaangalia vichwa, unaangalia miguu, unapima mwangaza, unafunga vis, ile skrubu ya stendi. Kisha kioo. Kisha hakuna mutu anagusa, hata nzi."

Skrini ya nyuma ya kamera yake ilikufa mwaka jana, kwa hiyo hata baada ya kupiga haoni alichopata mpaka afike sekretariati. Anapiga kipofu, anarudi nyumbani kipofu.

Claver ana miaka thelathini na mitatu. Alivuka kutoka Burundi mwaka 2015 na mama yake, jembe moja na sufuria mbili. Kamera aliinunua kwa mavuno ya mihogo ya misimu mitatu. Saa ya mkono hana. Sekunde thelathini anazipima kwa Baba Yetu moja isiyo na haraka. Mwanzoni aliisoma kwa sauti, na wateja wote wakaonekana pichani wameinamisha vichwa na kufumba macho, kisha wakatikisika kwenye Amina. Wakatoliki, Waprotestanti, wote sawasawa. Siku hizi anaisoma moyoni.

Mwezi wa nane, umoja wa wauza samaki ulimwita. Wanawake tisa walioanzisha umoja huo walitaka picha moja ya kutundika kwenye jengo lao jipya: wao tisa tu, na ufuko wote mtupu nyuma yao. Mama Félicité, mkubwa wao, alikuja kutoka Nundu nyuma ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge kwenye kiuno cha dereva ili asianguke.

Claver aliwapanga, akachungulia, akakaza stendi. Akawaambia: "Bamama, kuanzia sasa hakuna kuongea, hakuna kutikisika. Hata muone nyoka." Akaenda kumsogeza Mama Félicité hatua mbili, akarudi, akafunga kioo, akasali moyoni.

Jioni kompyuta ikaonyesha vitenge tisa vimesimama bila wenyewe. Vichwa vilikatwa vyote, shingoni kabisa. Kilichobaki kilikuwa mchanga, mchanga mzuri sana.

Hapo ndipo mwandishi huyu alipoingia. Nilikuwepo siku ile na daftari langu, na Jumatatu yake niliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti letu: "Mama tisa, vichwa sifuri." Watu walicheka mpaka Lulimba. Watoto wakampa Claver jina: Kata-shingo.

Aliondoa kibao chake barabarani. Jumapili alizoea wateja sita. Sasa anapata mmoja, au hakuna. Siku nyingine analima na mama yake. Akienda sokoni anapita njia ya nyuma ya choo, asikutane na wauza samaki.

"Pesa niliwarudishia," anasema, akitazama viatu vyake. "Lakini uso nitarudisha namna gani? Ule mumama alitoka Nundu na magonjwa yake. Nilimukata kichwa."

Nikamuuliza kama ana hakika kosa ni lake.

"Ni la nani tena? Kamera yangu, macho yangu. Niliangalia mara moja, nikajiamini. Ningeangalia mara ya pili mbele ya kufunga kioo, ningeona."

Nikafunga daftari. Swali hilo sikulirudia.

Jumamosi hii ni nafasi yake ya mwisho. Jumatatu Mama Félicité anahamia Lulimba kwa binti yake, na hategemei kurudi. Mama Adolphine, mwenyekiti wa umoja na mmoja wa wale tisa, ndiye aliyekwenda kumtafuta Claver shambani.

"Nilimwambia, we Claver, unalima mihogo na aibu pamoja?" anasema Mama Adolphine. "Kuya utupige tena. Leo tutaleta na vichwa."

Sasa wamesimama, tisa, vitenge vilevile. Mama Félicité ameegemea bega la mwenzake. Claver anachungulia, anakaza stendi, anatoa onyo lake. Midomo tisa inafungwa. Anawaendea kumnyooshea Mama Félicité mtandio.

Mwandishi huyu anataka tu kuona. Kuchungulia kidogo, kwa ajili ya wasomaji. Nasogea kwenye kamera, nainama.

"Claver." Ni Mama Adolphine. Kichwa hakigeuki, midomo haifunguki vizuri. "Huyu mutoto wa gazeti eko tena pale."

"Pale wapi, mama?"

"Ku kamera. Ile siku aliinama vile vile. Akashika kile kimukono ya stendi, ikalegea, kamera ikaangusha pua chini. Akaiinua na mukono, haikufika pale ilikuwa, naye akaangalia ku mbingu sawa muntu wa ibada. Mi niliona yote."

Claver amesimama, mtandio mkononi. "Na haukusema?"

"Ulisema hakuna kuongea, hata tuone nyoka! Nikajua ni musaidizi wako. Kisha nikasoma gazeti yake, nikasema, aa. Ngoja arudie."

Mkono wangu bado uko kwenye kimkono cha stendi. Nauondoa.

"Ni kweli?" Claver ananiuliza.

Nilikuwa na mzaha tayari, ninao siku zote. Naufunga ndani ya daftari. Wanawake tisa walioambiwa wasitikisike wananitazama bila kupepesa, na hakuna anayeniondolea macho. Mtu anayesimama bila kutembea anabaki kwenye picha. Hilo nililiandika mwenyewe hapo juu.

"Ni kweli," nasema.

Claver anarudi taratibu kwenye kamera. Anachungulia. Anachungulia mara ya pili. Anashika kioo, lakini hakifungi bado.

"Andika na hiyo," ananiambia. "Ukurasa ya kwanza. Na urudi nyuma, ufike kule ku pikipiki."

Narudi nyuma. Mpaka nafika kwenye pikipiki, Mama Adolphine hajaniondolea macho.