Wifi Yangu na Jibu Lililofungwa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mbishi. Miaka ya mwanzo ya ndoa ubishi wake ulinikera hadi nikamnunia. Sasa naringa nao kana kwamba ni wangu.

Kazi yake ni fizikia. Alinieleza siku moja tukimenya viazi: ulimwengu ulipoanza, maada na kinyume chake, antimaada, vilikuwa sawa kwa sawa, na vikikutana huangamizana. Kisingebaki kitu. "Sasa wewe wifi, na unene wako huo, umetoka wapi?" Jibu alilitafuta kwenye kwaki nzito, chembe zinazozaliwa ndani ya mashine na kuvunjika kabla hujapepesa jicho. Ikiwa kwaki hizo na kinyume chake huvunjika kwa namna tofauti, huenda hapo ndipo tulipoponea.

Yeye na wenzake wa maabara wana desturi moja naipenda. Jibu hufungwa ndani ya kompyuta, asilione yeyote, mpaka wote wakubaliane namna ya kuhesabu. Likishafunguliwa, hakuna kugusa tena. Binadamu ana tamaa. Akiliona mapema ataivuta hesabu mpaka imwambie anachotaka kusikia.

Wakafungua. Tofauti hakuna.

Mkuu wa maabara alikuwa ameshawatangazia wakubwa wake kwamba habari kubwa inakuja. Akamwita wifi ofisini, akafunga mlango. "Ondoa vipimo vya miezi ya mwanzo, mashine ilikuwa bado mpya. Tofauti itaonekana. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, unajua."

"Kabla hatujafungua ulisema vipimo hivyo ni safi," wifi akamjibu. "Havijachafuka kwa sababu jibu limekuudhi."

Mkutanoni akasimama, akalisoma jibu kama lilivyo. Mwisho wa mwezi akaja kwetu na kikombe chake cha chai na kandambili za ofisini ndani ya mfuko.

Mume wangu akaanza mahubiri: dada, ungenyamaza tu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia kama ni kubusu akabusu yeye, midomo anayo. Nilikuwa na hasira kweli.

"Lakini hata hicho ulichokitafuta hukukipata," akamwambia dada yake.

"Nimepata kwamba hapo hakipo. Atakayekuja nyuma yangu atatafuta kwingine." Wifi akavuta kiti, akachukua kisu. "Na mimi pia natafuta kwingine. Viazi viko wapi?"