Hiyo "Tu" Umeitoa Wapi?

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua, mwanangu, nimesimama nje ya mlango wa mtu mtaani Burumba, sufuria kubwa ya kanisa kichwani, maji yananichuruzika mpaka ndani ya viatu, na mwenye nyumba amekataa kunifungulia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Kukhu Taaka, mkubwa wa akina mama kanisani kwetu, na kukhu kwetu ni nyanya, yule anayekuzaa mara ya pili kwa maneno. Alininyima mlango kwa sababu ya neno moja la herufi mbili. Ngoja nikueleze polepole, mimi siku hizi sina haraka na kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimetoka kwetu Namboboto, nikaja Busia mjini, pale mpakani na Uganda, kukaa na shangazi na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Omena yenyewe niliifuata Sio Port, ikiwa imekauka vizuri juu ya nyavu, nikaileta kwa magunia. Nilikuwa mchapakazi, hilo hata walionichukia hawakukataa. Jirani akiugua, aliyempeleka hospitali ni Ajiambo, yaani mimi. Kukiwa na matanga, aliyechota maji ni Ajiambo. Wageni wakija kanisani, aliyesonga ugali ni Ajiambo. Nikiwa mtoto tulifundishwa kwamba Mungu ni wa kwanza, jirani wa pili, na mimi wa mwisho. Ni mafundisho mazuri, siyakosoi. Shida ni kwamba mimi nilijitoa kwenye foleni kabisa, hata ile nafasi ya mwisho nikampa mtu mwingine, halafu hayo yote nikayaita unyenyekevu.

Sasa wiki hiyo nilikuwa nafungua gunia, na waya uliofunga mdomo wake ukanichoma kiganja cha kushoto. Kitu kidogo. Nikanyonya damu, nikafuta kwa leso, nikaendelea kupimia wateja. Kesho yake mkono ukapata joto. Siku ya tatu ukafura, vidole vikakataa kukunja. Nikaufunga kitambaa, nikameza dawa ya maumivu ya dukani, nikauficha chini ya leso niliyojitanda. Jumamosi akina mama wa Malaba walikuwa wanakuja kututembelea, na mimi ndiye niliyepewa jiko. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo niliijua tangu darasa la nne, lakini kuijua methali na kuitii ni safari mbili. Ijumaa asubuhi niliomba. Nikawaombea wagonjwa wote ninaowajua, mmoja mmoja kwa jina. Mkono wangu sikuutaja.

Ndipo nikabeba ile sufuria kumpelekea Kukhu, maana ndiye aliyekuwa akitunza vyombo. Nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi tu."

Mvua inazidi. Nikabisha tena.

"Nimeuliza nani?"

"Ni mimi tu, Kukhu."

"Mimi Tu?" akasema kutoka ndani, wala hakuinua sauti. "Huyo mimi simjui. Burumba yote hii hakuna mtu anaitwa Mimi Tu."

"Kukhu, nimeleta tu sufuria."

"Basi sufuria iingie. Wewe Tu utabaki huko nje mpaka uniambie hiyo 'tu' umeitoa wapi. Kila siku tu, tu! Ukiulizwa umekula, 'niko sawa tu.' Ukipewa kiti, 'nitasimama tu.' Kwani Mungu alikuumba tu?"

Mwanangu, nilikasirika. Mtu umelowa, mkono unapwita hadi kwapani, na mzee anakuuliza maswali ya Jumapili kupitia mlango. Nikapiga kelele mpaka jirani wa pili akachungulia dirishani: "Ni Ajiambo! Ajiambo binti Wandera wa Namboboto!"

Kitasa kikalia hapo hapo. "Karibu Ajiambo," akasema kwa upole kama mtu ambaye hakusikia kelele yoyote. "Huyo namjua."

Akapokea sufuria. Akaangalia jinsi nilivyoishusha kwa mkono mmoja, akaniangalia mimi, akaangalia leso. Wazee wana macho, ndiyo maana vijana hawapendi kukaa karibu nao. Akaushika mkono wangu, akafungua kitambaa. Harufu ilitoka kabla ya kitambaa kuisha. Kulikuwa na mstari mwekundu umeanza kupanda kutoka kiganjani kuelekea kwenye kiwiko.

"Hii mkono imefura hivi tangu lini?"

"Nilichomwa na waya siku nne sasa, Kukhu."

"Na hospitali haujaenda kwa nini?"

"Wageni wanakuja kesho. Nani atasonga ugali?"

Alikaa kwenye stuli, mkono wangu bado uko ndani ya mikono yake. "Niambie ukweli. Hii mkono ingekuwa ya Nafula jirani yako, ungefanya nini?"

"Ningempeleka hospitali siku ile ile. Hata kwa mgongo."

"Sawa. Sasa huyu Ajiambo alikukosea nini?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo, si shuleni, si kanisani, si hata pale mpakani ambapo maswali hayaishi. Alinikosea nini kweli? Nilianza kulia pale pale, na Kukhu hakuninyamazisha. Alitoka nje na mwavuli wake akaita boda mbili, wakati huo boda zilikuwa baiskeli, yeye akapanda moja, mimi nyingine, tukakatiza matope ya Busia, mzee na msichana, yeye mbele anapigia watu kelele watupishe njia.

Daktari aliyenipasua alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alitoa usaha, akaosha, akanidunga sindano. Alipomaliza akamwambia Kukhu, "Mama, ungemleta Jumatatu tungekuwa tunaongea mambo ya kukata." Nilitazama mkono wangu juu ya ile meza na nikaogopa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa karibu kuutoa mkono mzima kwa ajili ya sufuria ya ugali, na hakuna aliyeniomba. Wala Mungu hakuniomba.

Walinilaza. Siku ya tano daktari akaja akaniambia nijaribu kukunja vidole. Nikafumba macho. Kidole gumba kikaja, cha pili kikaja, halafu vyote vikaja kwa pamoja, kwa uchungu na kwa ukaidi, lakini vikaja. Sijui kama ninaweza kukueleza nafuu niliyoisikia. Nililia na kucheka, yule mama wa kitanda cha pili akafikiri homa imerudi. Nikaubusu mkono wangu mwenyewe, naona haya kukwambia lakini ndivyo nilivyofanya, na ndani ya moyo nikasema, Bwana, asante, kumbe nilikuwa naupenda.

Na wageni je? Walikula! Nafula alisonga ugali, nikasikia ulikuwa na madonge, wakaula hivyo hivyo, wakaimba, wakarudi Malaba wameshiba. Mimi kwa kweli niliumia kidogo kwamba hawakufa njaa. Hapo ndipo nilipojua ule unyenyekevu wangu ulikuwa na kiburi ndani yake, kama jiwe ndani ya mchele.

Niliporudi sokoni Kukhu alinifuata kwenye kibanda. Akachukua gorogoro yangu, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia, akaugeuza juu chini akaukagua. Unajua kuna wauzaji wanaogonga mkebe chini mpaka unabonyea kwa ndani, mteja akiuangalia juu anaona umejaa, kumbe amepunjwa. Wangu ulikuwa mzima.

"Vizuri," akasema. "Ukigonga hii matako yake, nani anaibiwa?"

"Kila anayenunua, Kukhu."

"Haya. Bwana alisema umpende jirani kama nini?"

"Kama nafsi yako."

"Basi nafsi yako ndiyo gorogoro. Wewe umeigonga nyundo miaka yote, halafu unatupimia nayo."

Akanunua omena yake, akadai nyongeza kama mteja yeyote, akaenda. Mimi nikabaki na mkebe mkononi. Nikakumbuka nilivyokuwa nikiwafanyia watu wema huku nawahesabia walionishukuru na wasionishukuru. Nikakumbuka nilivyomfokea Nafula alipopumzika Jumapili mchana, kwa sababu mimi sikupumzika. Alikuwa na haki ya kuniogopa. Nilimpenda jirani yangu kama nafsi yangu, kwa kipimo kile kile kilichobonyea.

Mwanangu, usinielewe vibaya. Sikuambii ujipige kifua sokoni. Kujipenda si kujisifu, na mtu anayejisifu mara nyingi ni yule yule asiyejipenda, amebadilisha nguo tu. Bwana alisema mtu ajikane, na nimejikana mara nyingi maishani, nimelala njaa mwingine ale. Lakini hakusema mtu ajidharau. Huwezi kumtolea Mungu sadaka kitu ambacho umekitupa jalalani. Kwanza kiokote, kifute, ukione kwamba ni chake, halafu ndiyo umpe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na wewe uliundwa, hukuokotwa ufukweni.

Kwa hiyo ukiugua, nenda hospitali kama vile ungempeleka rafiki. Ukichoka, kaa chini bila kuomba msamaha. Ukipewa kiti, kalia. Ukikosea, jikemee kama unavyomkemea mdogo wako unayempenda, halafu yaishe. Na ukiomba asubuhi, usisahau kujitaja.

Haya yote nimekueleza kwa sababu ya Jumapili. Ulikuja kuniona, ukabisha, nikauliza nani, na wewe ukajibu, "Ni mimi tu, Kukhu," maana siku hizi Kukhu ni mimi. Nilishtuka mpaka chai ikamwagika. Nilikufungulia haraka kwa kuwa nilichungulia dirishani nikaona goti lako limefungwa bendeji, na ulipoketi nikakusikia ukisema ulianguka juzi lakini ni kitu kidogo, utaenda kuangaliwa mitihani ikiisha. Jumatatu tukaenda wote, wewe umenuna, mimi na mwavuli wangu. Umeambiwa goti litapona. Nimelala vizuri wiki hii yote.

Lakini mlango sitaufungua hivyo tena. Mimi ni mzee sasa na nimerithi ukaidi wa Kukhu Taaka pamoja na sufuria zake. Siku nyingine ukija, hata kama kunanyesha, nitauliza nani, na utaniambia jina lako lote na la baba yako.

Mungu aliyekuunda akulinde kichwa mpaka goti. Akupe watu wa kuwapenda na mkebe usiobonyea wa kuwapimia. Na siku atakayokuita kwa jina lako, mwanangu, uitike mara moja, na usimwambie ni wewe tu.