Breki za Tela

Juzi nikingoja basi la Iringa pale Uyole, trafiki alisimamisha Landrova iliyovuta tela la mpunga kutoka Ubaruku. Juu ya magunia alikaa mke wa dereva.

"Breki za tela ziko wapi?"

"Afande, gari ina breki nzuri."

"Sikuulizi gari. Sheria inataka tela zito liwe na breki zake. Mteremkoni litakusukuma."

"Mbona tumefika salama?"

Mkewe akashuka, akajikung'uta makapi. "Baba watoto, mwenzio nimesali kila kona." Akaingia mbele, akafunga mlango.

Dereva akamtazama, akacheka, akalifungua tela kutoka kwenye gari na kumwachia fundi wa pale jirani alifungie breki. Mume na mke waliondoka wakizungumza vizuri. Trafiki aliitaja sheria, lakini aliyeitekeleza ni mama.