Msamaha Nilioomba kwa Jina la Babu

Makori ni jina ambalo Wakisii humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa njiani. Babu yangu alilipata kihalali. Mama yake alishikwa na uchungu akitoka sokoni Magwagwa, akajifungulia kando ya barabara huku wanawake wenzake wakimzingira kwa leso. Mimi nilizaliwa kitandani, katika wodi ya hospitali mjini Kisii. Niliitwa Makori kwa sababu babu alikuwa amefariki muda mfupi kabla, na kwetu jina la marehemu haliachwi lipotee. Wengi wamelipata hivyohivyo, kwa kurithi. Shuleni mwalimu akiita Makori tulikuwa tukiitika kundi zima, na sidhani kama kati yetu yuko aliyezaliwa njiani.

Kwa kuwa nilibeba jina la mumewe, nyanya aliniita mume wake tangu nikiwa mchanga. Ni utani wa kawaida huku kwetu. Akipika ndizi alinipakulia mimi kabla ya baba yangu. "Mwenye nyumba ale kwanza," alisema, na baba alicheka akingoja zamu yake.

Miaka ya karibuni kumbukumbu za nyanya zimeanza kupotea, na ule utani ukageuka kuwa kweli. Mimi ni seremala Mosocho; nyumbani Nyamira huenda siku za Sabato. Shangazi, dadake baba, ndiye anayemtunza. Sabato moja nilimkuta nyanya ameketi mlangoni, uso umekunjamana.

"Umekuja," aliniambia. "Keti. Leo utanieleza kwa nini ulininyima kwenda kumzika mama yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulisema ng'ombe anakaribia kuzaa. Ng'ombe, Makori! Mama yangu akafukiwa bila mimi."

"Nyanya, mimi ni mjukuu wako."

"Usinizungushe." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyapangusa.

Shangazi alinivuta kando. "Kila siku ni hilo tu. Hata chakula amekataa. Wewe ndiye mwenye jina, mwombe msamaha yaishe."

Nikarudi, nikapiga magoti mbele yake. "Nilikosa, mama watoto. Nisamehe."

Akaniwekea kiganja kichwani. "Nimekusamehe. Ungesema mapema." Jioni hiyo alikula ugali na mboga akamaliza sahani, na nilirudi Mosocho nikijiona nimetenda jambo jema.

Baba alipopata habari aliniita kwenye shamba la chai. Hakuacha kuchuma alipokuwa akisema nami.

"Nani alikutuma ukiri kosa kwa niaba ya baba yangu?"

"Nilitaka nyanya apate amani."

"Na kama hakulifanya? Yeye hawezi kufufuka akajitetea. Umemtia hatiani katika nyumba aliyoijenga mwenyewe."

Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikaharibu mbao za mteja kwa kukata pasipopimwa. Mwishowe nilifunga karakana nikapanda hadi Keroka, kwao nyanya, ambako bado anaishi mdogo wake wa kike. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nilipomuuliza juu ya mazishi ya mama yao, aliweka ungo chini.

"Sisi ndio tuliokosa," alisema. "Mvua ilikuwa imeshika siku nyingi, wazee wakaamua mama azikwe haraka. Habari ziliwafikia dada na mumewe tukiwa tumeshamaliza. Shemeji alimleta papo hapo, kwa miguu, kwenye matope. Alisimama kaburini akalia kutuzidi sisi watoto."

"Anasema babu alimzuia kwa sababu ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Mimi ng'ombe huyo simjui. Dada alitulaumu sisi, tena kwa miaka. Sijui lawama ilihamia kwa mumewe lini."

Nilimweleza baba yote. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo liliniumiza zaidi. "Basi nenda kamwambie mamangu," alisema.

Nikaenda. Nyanya alikuwa akiota jua na jirani yetu mmoja, mama wa rika la shangazi. Aliponiona alichangamka kama msichana.

"Huyu hapa! Nilikuwa namsimulia. Mzee wangu alikuwa mkaidi, lakini alipiga magoti akakubali kosa lake. Wanaume wangapi hufanya hivyo?"

"Ni wachache," jirani alisema, akinitazama na kutabasamu. Alikuwa amemjua babu tangu aolewe kijijini hapa. Nilijua kwamba kuanzia siku hiyo, akimkumbuka, atamkumbuka na ng'ombe ambaye hakuwapo.

Nilifungua kinywa. Nikautazama mkono wa nyanya, umetulia gotini. Kweli niliyotoka nayo Keroka ingemrudishia babu heshima yake, lakini ingemnyang'anya nyanya usingizi wake. Na huenda kufika kesho angekuwa ameisahau, abaki na uchungu mtupu asiojua umetoka wapi.

"Si ni kweli, Makori?" aliniuliza.

"Ni kweli," nikasema, nikaingia ndani kumletea chai.