Mishahara ya Mikahawa na Daftari la Polisi wa Lamu

Mkubwa wangu ofisini Nakuru alishikilia neno moja: wahudumu wa mikahawa na baa wanapolipwa kidogo, watu huchomana visu. Alitaka kulithibitisha ili mishahara ipandishwe pwani nzima. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru akanituma Lamu nikalinganishe mishahara na kesi za polisi.

Siku ya tatu ya safari nilishuka Lamu, mgongo umekufa ganzi kwa basi na mashua. Kituo cha polisi, koplo mmoja, mtu wa Kitui, alinifungulia daftari.

"Mwaka huu kesi ya kupigana ni moja tu," akasema, "na aliyepiga ni askari mwenzetu."

Nikacheka, ila moyoni nikaona kazi imeharibika. Mishahara ya hapa ilikuwa duni kuliko yote niliyoiona. Nikipeleka hivyo, wakubwa wa serikali Nairobi watasema ujira mdogo haumuumizi mtu.

Adhuhuri niliingia mkahawani. Mhudumu, Athmani, aliniletea samaki huku mdomo umemvimba.

"Umeanguka?"

"Bwana Shee, mwenye mkahawa, alinipiga kwa kigoda yana jioni. Nilimuomba nyongeza."

"Twende polisi!"

"Hapana, Bwana. Wazee wa mtaa wametupatanisha, tumesoma Fatiha. Si uzuri kulirudia."

"Na nyongeza?"

Akapangusa meza. "Hiyo hakuna aliyeitaja. Na nina wana wane, hushinda na ndaa."

Nilikasirika, samaki akanishinda. Pigo lenyewe nisingeliandika, maana Athmani alikuwa amelisamehe. Lakini nyongeza haikusomewa Fatiha.

Alasiri nikawafuata wazee barazani. Bwana Shee mwenyewe alikuwapo, akinywa kahawa.

"Mmepatanisha mdomo," nikawaambia. "Tumbo je?"

Nilidhani watanifukuza, mgeni wa bara nisiyejua kuchunga ulimi. Mzee mmoja akamgeukia Bwana Shee.

"Kweli, hilo tulilisahau. Wasemaje?"

Mbele za watu angesema nini? Akakubali kuongeza, uso umemwiva kwa haya. Kahawa ikazunguka tena, nami nikapewa kikombe.

Nakuru, mkubwa alisoma amesimama karatasi yangu, ambamo niliandika mshahara mpya wa Athmani na ile kesi moja ya daftari. "Mshahara umepanda, ugomvi hakuna! Nilisema mimi!" Akanipiga bega kwa furaha. Sikumwambia kwamba ulipanda siku moja kabla sijaondoka, wala habari za kigoda; angejua, hoja ya kupandisha mishahara ya pwani ingeanguka.

Nilijifunza Lamu kwamba daftari la polisi huandika wale tu waliokosa mtu wa kuwapatanisha. Nilijifunza pia kwamba, kwa ajili ya watoto wanne wa Athmani nisiowajua, naweza kumficha mkubwa wangu ukweli na bado nikalala usingizi mnono.