Shangazi Watano na Ufunguo Mmoja

Orest Hnatiuk wa Winnipeg alikuwa mtu wa kunong'ona hata akiwa peke yake. Kwa miaka mitatu alijenga programu ya kutumiana ujumbe kwa siri: neno likitoka simu moja linavurugwa chengachenga, likaja kuungana kwenye simu ya pili tu. Hata yeye mjenzi hakuweza kuchungulia. Na simu ikipotea? Ufunguo wa akiba uligawanywa vipande vitano, wakapewa watu watano; vikikutana vitatu, unafungua. Vya kwake aliwapa shangazi zake.

"Hao hawajaafikiana tangu mazishi ya babu," alijisifu. "Mwizi gani atawapatanisha watatu?"

Januari, akivua samaki juu ya barafu ya ziwa, alijikaza akamwandikia Darka, fundi viatu wa mtaani kwao: Utakubali nikuoe? Jibu likaingia palepale. Akavua glavu alisome, simu ikateleza, ikazama kwenye tundu la kuvulia. Chubwi!

Alikimbilia kwa Darka. "Hebu niambie tu."

"Nimeshajibu," alisema Darka, misumari midomoni. "Kasome."

Basi akanunua simu mpya, akawakusanya shangazi wote jikoni kwa Olha, mkubwa wao, kila mmoja na kadi yenye kipande chake.

"Yangu siitoi mpaka Stefa akiri perohi za viazi anazopika ni ngumu kama kisigino," alisema Olha.

"Kisigino chako au cha mbwa wako?" alijibu Stefa.

"Na sufuria yangu mliyoiazima? Mwaka wa tisa huu!" alidakia Nadia.

Nje theluji ilidondoka polepole, kana kwamba mbingu nayo ilikuwa ikitoa siri yake kipande kipande. Orest aliona maisha yake yamefungiwa ndani ya vinywa vitano visivyofungika.

"Nimeposa," alinong'ona. "Jibu la Darka limo humo."

Olha akamgeukia.

"Darka wa viatu?"

Kadi tatu zikapigwa mezani kwa mpigo mmoja. Mbili zilizobaki zikafuata, ingawa hakuna aliyezihitaji. Orest akaingiza vipande kwenye simu mpya, ujumbe ukafunguka.

"Ila tunasoma sisi kwanza," alisema Olha, akampokonya simu, akasoma hadi jirani akasikia: "Orest, swali hili haliulizwi kwa simu. Njoo uniulize kwa mdomo, tena kwa sauti."

Alipoinua kichwa, wenzake wanne walikuwa wakivaa mabuti.

"Mnakwenda wapi?" alinong'ona Orest.

"Unaona?" alisema Stefa, akimzungushia skafu shingoni. "Hata hapa hatukusikii. Twende, mwanangu, tukakusaidie kuuliza."